Komeo jipya la boneti: Jaribu waya kabla ya kufunga

KOMEO la boneti ni kifaa kidogo ambacho wenye magari hukikumbuka siku kinapogoma. Katika MGB, gari la spoti lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, ubovu wake ni hatari. Bawaba za boneti ziko upande wa kioo, nayo hufunguka kuanzia mbele. Komeo likiachia gari likiwa mbioni, tuseme kwenye barabara ya Changamwe, upepo huiinua boneti na kuibamiza kiooni, dereva asione aendako.

Hewa ya chumvi ya Likoni na Kisauni huharakisha uharibifu huo. Waya wa kufungulia hushika kutu ndani ya ala yake, na springi ikakwama.

Kabla ya kulegeza chochote, chora alama kuzunguka komeo la zamani ili jipya likae palepale. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea spana. Nati za MGB hupimwa kwa inchi, ilhali spana za gereji zetu ni za milimita, kwa ajili ya magari ya Kijapani. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 huishika kwa kubahatisha, na nati yenye kutu huviringika pembe.

Funga komeo jipya bila kulikaza mno, kisha ishushe boneti polepole utazame kama pini yake inaingia katikati ya tundu. Ikikwaruza ukingo, sogeza komeo. Ikikaa sawa, kaza bolti, tia grisi, kisha unganisha waya ukiuachia ulegevu kidogo.

Sasa usiifunge boneti! Ikiwa ingali wazi, sukuma bisibisi ndani ya tundu la komeo mpaka lijifunge, kisha mtu avute mkono wa waya ulio ndani ya gari. Bisibisi ikiachiwa mara tatu mfululizo, kazi ni njema. Anayepuuza hatua hii huenda akajikuta na boneti iliyofungika isifunguke, akalazimika kupenya kwa chini au kubomoa wavu wa mbele.

Urefu wa pini hurekebishwa kwa bisibisi baada ya kulegeza nati yake. Ikizidi urefu, boneti hukaa juu na kutikisika; ikipungua mno, haishiki.

Jaribu pia ndoano ya usalama, ambayo huizuia boneti komeo linapoachia. Magari ya mbio za kale aghalabu hutiwa pini za nje kwa sababu hiyohiyo. Si anasa katika njia za Safari Classic, mashindano yaliyoanza 2003 na ambayo Carl Tundo aliyashinda 2017 kwa Triumph TR7, gari jingine la Kiingereza.

Kwa gari la kawaida, waya wa pili wa akiba, uliofichwa nyuma ya wavu wa mbele, unatosha.