Mlonge, ubuyu na ulezi: Lishe iliyo jirani, si dawa ya kila ugonjwa

KATIKA soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, Darajani mjini Zanzibar na hata katika maduka makubwa ya vyakula, si jambo la ajabu siku hizi kukuta pakiti za unga wa mlonge, ubuyu na mbegu za maboga zikiwa zimepambwa kwa maandishi yanayoahidi nguvu, ngozi nyororo na kinga dhidi ya magonjwa lukuki.

Vyakula hivyo vya asili ya mimea vimepata umaarufu duniani kote kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa 'vyakula bingwa', yaani vile vinavyodaiwa kubeba virutubisho vingi kupita vyakula vya kawaida.

Hata hivyo, swali linalobaki kwa mlaji wa mjini, ambaye hulipa fedha nyingi kwa pakiti ndogo, ni je, madai hayo yana ukweli kiasi gani, na ni kwa namna gani vyakula hivyo vitamsaidia yeye na familia yake?

Swali hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya uliofanyika Tanzania Bara na Zanzibar mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa wanawake 45 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu.

Kwa maneno mengine, tatizo la lishe si la vijijini tu wala la wenye njaa peke yao. Lipo pia katika nyumba ambazo chakula kipo mezani kila siku, lakini sahani imejaa ugali au wali, huku mboga na matunda yakiwa machache.

Jina la biashara

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni kwamba 'chakula bingwa' si istilahi ya kisayansi. Hakuna kipimo cha maabara kinachoamua chakula fulani kiitwe hivyo na kingine kisiitwe.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kuanzia Julai 1, 2007, uliweka kanuni zinazomzuia mfanyabiashara kutumia sifa za jumla za namna hiyo kwenye bidhaa yake, isipokuwa ziambatane na dai mahususi la kiafya lililothibitishwa na kuidhinishwa.

Hiyo haina maana kwamba vyakula vyenyewe havifai. Vingi miongoni mwavyo vina virutubisho vya kweli. Kinachotakiwa ni kuvifahamu kwa kiasi chake halisi na si kwa matangazo.

Mlonge na hesabu ya kijiko

Mlonge, mti ambao asili yake ni kaskazini mwa India na ambao kwa baadhi ya maeneo ya pwani huitwa mzunze, ndio unaosifiwa kuliko yote. Majani yake yana protini, madini ya chokaa, madini ya chuma na viini vinavyogeuzwa na mwili kuwa vitamini A.

Tangazo lililosambaa sana hudai kuwa unga wa mlonge una madini ya chuma mara 25 ya yale yaliyomo kwenye spinachi. Kihesabu dai hilo linatokana na kulinganisha vitu viwili visivyolingana, kwani unga ni majani yaliyokwisha kukauka ilhali zaidi ya asilimia 90 ya spinachi mbichi ni maji.

Pia hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa mkupuo. Kijiko kimoja cha chakula hakizidi gramu 10. Kwa kuwa gramu 100 za unga huo hukadiriwa kuwa na miligramu 28 za madini ya chuma, kijiko hicho hutoa miligramu zisizofikia tatu.

Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku, na kati ya madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Kwa hiyo, kijiko cha mlonge kwenye uji ni nyongeza nzuri, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki.

Kwa upande wa madini ya chokaa hesabu inatia moyo zaidi. Kijiko hicho hicho huweza kutoa takriban miligramu 200, kiasi kinachokaribiana na kile kilichomo katika zaidi ya nusu glasi ya maziwa. Kwa familia isiyomudu maziwa kila siku, huo ni msaada wa maana.

Vitamini C, kwa upande mwingine, hupotea kwa kiasi kikubwa majani yanapokaushwa. Anayetaka vitamini hiyo kutoka kwenye mlonge anapaswa kula majani mabichi yaliyopikwa kwa muda mfupi kama mboga nyingine.

Ubuyu uliovuka bahari

Ubuyu, tunda la mbuyu ambalo watoto wa mikoa ya kati na ya pwani wamelila vizazi na vizazi, uliruhusiwa kuingia katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2008 kama kiungo kipya cha chakula. Marekani ilifuata mwaka 2009. Tangu hapo unga wake umekuwa ukiuzwa ughaibuni kwa bei ya juu.

Vipimo mbalimbali vya maabara vinaonyesha kuwa gramu 100 za unga wa ubuyu huwa na vitamini C kati ya miligramu 150 na 500, kutegemea mti, eneo na namna ulivyohifadhiwa. Chungwa, kwa kiasi hicho hicho, huwa na takriban miligramu 50.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu mzima anahitaji miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Glasi ya juisi iliyotengenezwa kwa vijiko viwili au vitatu vya unga wa ubuyu safi inaweza kutosheleza mahitaji hayo au kuyakaribia.

Aidha, karibu nusu ya uzito wa unga huo ni nyuzinyuzi, ambazo husaidia choo kupatikana kwa urahisi na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Lakini ubuyu unaopendwa zaidi mijini ni ule mwekundu, uliopikwa kwa sukari, rangi na viungo. Moto huharibu sehemu ya vitamini C, na sukari inayoongezwa huugeuza kuwa peremende. Si vibaya kuula kwa starehe, ila mzazi asidhani kuwa amempa mtoto tunda.

Ulezi dhidi ya nafaka za kigeni

Katika miaka ya karibuni, nafaka ya kwinoa kutoka milima ya Andes, Amerika Kusini, na mbegu za chia zenye asili ya Mexico na Guatemala zimeingia katika vikapu vya wakazi wa mijini. Zote mbili ni chakula kizuri. Kwinoa ina protini bora na chia ina mafuta ya omega-3 pamoja na nyuzinyuzi nyingi.

Pamoja na sifa hizo, wengi hawafahamu kuwa ulezi, unaouzwa kwa bei nafuu katika karibu kila soko, huwa na takriban miligramu 340 za madini ya chokaa katika kila gramu 100. Kwinoa huwa na miligramu zisizozidi 50. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, ulezi, uwele na nafaka nyingine za jamii hiyo ili kuzirudishia heshima yake.

Ulezi una kasoro moja. Una viambata vinavyoshika madini na kuyazuia yasifyonzwe. Dawa yake wanaijua wazee tangu zamani, nayo ni kuuloweka, kuuotesha na kuukausha ili kupata kimea. Kitendo hicho hupunguza viambata hivyo, na kimea kikiongezwa kwenye uji huufanya uwe mwepesi bila kuongeza maji, hivyo mtoto hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile.

Mbegu za maboga nazo zinastahili kutajwa. Zina takriban gramu 30 za protini katika kila gramu 100, pamoja na madini ya zinki yanayohitajika kwa ukuaji wa mtoto na kinga ya mwili. Katika nyumba nyingi mbegu hizo hutupwa pamoja na maganda.

Kadhalika, viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ni chanzo kikubwa cha vitamini A. Wanasayansi Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis, kwa kazi ya kurutubisha mazao, vikiwamo viazi hivyo. Kiazi kimoja cha wastani hutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku nzima.

Jikoni ndipo penye siri

Mchicha, kisamvu, matembele na mnavu vina madini ya chuma na asidi ya foliki, lakini faida yake inategemea mno namna vinavyopikwa na vinavyoliwa.

Mboga ikichemshwa kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, vitamini C na asidi ya foliki huondoka nayo. Magadi, ambayo baadhi ya wapishi huyatia ili mboga iive haraka, huharibu vitamini hizo zaidi. Inashauriwa kupika kwa maji kidogo na muda mfupi. Kisamvu hakimo katika ushauri huo, kwani ni lazima kitwangwe na kuiva vizuri ili kuondoa sumu yake ya asili.

Mafuta kidogo, tui la nazi au karanga zilizosagwa huusaidia mwili kufyonza vitamini A. Hapo mapishi ya pwani ya mchicha wa nazi yanakubaliana kabisa na sayansi.

Ndimu, chungwa, pera au juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, ikitumiwa pamoja na mlo, huweza kuongeza maradufu au zaidi ufyonzwaji wa madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu, hivyo ni vyema kusubiri walau saa moja baada ya kula.

Mtu mwenye upungufu wa damu anaweza kupata nafuu kubwa zaidi kwa kuihamisha chai yake kutoka kwenye mlo kuliko kwa kununua pakiti ya unga ghali.

Tahadhari

Hatari iliyo kubwa ni pale unga unapogeuzwa kuwa dawa. Wapo wauzaji wanaodai kuwa mlonge huponya kisukari, shinikizo la damu na hata virusi vya ukimwi. Hakuna uthibitisho wa madai hayo. Kuhusu kisukari, zipo tafiti ndogo zilizoonyesha kushuka kidogo kwa sukari, lakini hazitoshi kumfanya mgonjwa aache dawa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa pamoja na mlonge kwa wingi anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda naye hana budi kumweleza daktari wake, kwa kuwa vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mizizi na magamba ya mlonge hayafai kwa mjamzito.

Hatari nyingine ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Kwa sababu hiyo, unga wa lishe wa watoto uliochanganywa nafaka nyingi pamoja na karanga unahitaji uangalifu. Ni salama zaidi kununua nafaka nzima, kuchambua zilizovunda na kusaga kidogo kidogo. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa ipasavyo nayo huzuia mwili kusaga protini.

Kwa bidhaa za pakiti, mlaji atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Vilevile ikumbukwe kuwa mimea hii yote haina vitamini B12 ya kutegemewa, ambayo hupatikana kwenye nyama, mayai, maziwa na samaki. Konzi ya dagaa kwenye mboga ya majani huziba pengo hilo kwa gharama ndogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale walau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kiasi hicho hakiwezi kupatikana kwenye kijiko cha unga wowote, uwe wa hapa au wa ng'ambo.

Mafungu mawili ya mchicha, pera, uji wa ulezi wenye kimea na viazi lishe vya jioni ni vitu ambavyo familia nyingi za mjini huvipita sokoni kila siku. Pale fedha zinapokuwa chache, ni busara zianzie hapo kabla ya kufika kwenye pakiti zenye ahadi nyingi.