Hisa Zinapoyumba Baada ya Tuhuma: Swali Ambalo Bei Haiwezi Kulijibu
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia jinsi bei ya hisa inavyopatikana sokoni siku za kawaida. Leo tuingie penye ugumu zaidi, yaani siku ambayo habari inatoka kwamba kampuni inachunguzwa. Siku hiyo wawekezaji hugawanyika tangu asubuhi. Wapo wanaompigia simu dalali auze hisa zote kwa bei yoyote itakayopatikana, kwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wapo wanaoiona neema: hisa iliyokuwa ghali jana leo imeshuka kwa robo, basi inunuliwe upesi kabla haijapanda tena. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yote yanaisoma bei, na bei ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote siku kama hiyo. Hoja yangu ni kwamba ukubwa wa anguko hautuambii uzito wa tuhuma, wala bei ikirudi juu haimaanishi kwamba tuhuma zimekwisha. La kutazamwa ni kile ambacho uchunguzi unakigusa: mwenendo wa kampuni, au vitabu vyake vya hesabu.

Tuanze na Volkswagen. Tarehe 18 Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni hiyo ya Kijerumani iliweka ndani ya magari yake ya dizeli programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Gari likiwa kwenye kipimo lilitoa moshi kidogo. Likirudi barabarani lilitoa kupita kiasi kilichoruhusiwa. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Jumatatu hisa zilishuka kwa karibu asilimia 20, na Jumanne zikashuka tena kwa kiasi kinachokaribia hicho, baada ya kampuni kukiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yanahusika na kwamba imetenga euro bilioni 6.5 za kukabiliana na gharama. Jumatano, mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu. Makisio yale ya gharama yalikuwa madogo mno, kwani faini, fidia na magari yaliyonunuliwa tena kutoka kwa wateja viligharimu zaidi ya euro bilioni 30 katika miaka iliyofuata, na mwaka huo wa 2015 kampuni ilipata hasara. Hata hivyo viwanda vilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, na wateja waliendelea kununua. Miaka michache baadaye hisa za Volkswagen zilipita bei iliyokuwepo kabla ya kashfa. Aliyeuza kwa hofu wiki ile ya Septemba alipata hasara ambayo mwenzake aliyetulia aliweza kuiepuka.

Sasa tuitazame Wirecard, kampuni nyingine ya Kijerumani, iliyoshughulikia malipo ya kadi na ya mtandaoni. Septemba 2018 iliingia katika DAX, wakati huo orodha ya kampuni 30 kubwa za soko la Frankfurt, ikichukua nafasi ya Commerzbank. Mwishoni mwa Januari 2019 gazeti la Financial Times la London lilichapisha habari kwamba ofisi ya kampuni hiyo nchini Singapore ilikuwa na dalili za hesabu za kughushi. Katika siku chache hisa zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani. Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Februari 18 mdhibiti wa fedha wa Ujerumani, BaFin, alipiga marufuku kwa miezi miwili uuzaji wa hisa za Wirecard zilizoazimwa, ule ambao mtu huufanya akitarajia kuzinunua tena baadaye kwa bei ya chini. Hisa zikapanda siku hiyohiyo. Mwezi Machi kampuni ikatoa muhtasari wa uchunguzi uliofanywa na mawakili iliowaajiri yenyewe, ikasema makosa yaliyoonekana ni madogo, na kwa siku moja hisa zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Aprili, BaFin ikawashtaki kwa waendesha mashtaka waandishi wa gazeti lile. Mwezi huohuo SoftBank ya Japani ikatajwa kuwa tayari kuweka euro milioni 900, na hisa zikapanda tena. Mwenye kutazama mchoro wa bei peke yake angeapa kwamba kampuni imesafishwa.

Katika miezi hiyo yote hakuna aliyejibu swali lenyewe: fedha ziko wapi? Oktoba 2019 gazeti lilichapisha nyaraka zilizoonyesha kwamba faida za matawi ya Dubai na Dublin zilitiwa chumvi, na kampuni ikalazimika kuwaita KPMG wafanye ukaguzi maalumu. Ripoti yao ilitoka Aprili 28, 2020. Walisema hawakuweza kuthibitisha kwamba mapato yaliyodaiwa kutoka kwa kampuni washirika kati ya 2016 na 2018 yalikuwepo. Hisa zilishuka kwa takriban robo siku hiyo. Kampuni ikasisitiza kwamba hakuna ushahidi wa hesabu kughushiwa uliopatikana, na kufikia katikati ya Juni hisa moja ilikuwa imerudi kuuzwa kwa zaidi ya euro 100. Juni 18 ilitarajiwa kutoa hesabu za mwaka, baada ya kuziahirisha mara kadhaa. Badala yake ilitangaza kwamba wakaguzi wake, EY, hawakupata uthibitisho wa euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa katika akaunti za amana nchini Ufilipino. Benki mbili zilizotajwa, BDO na BPI, zilisema nyaraka walizoonyeshwa wakaguzi ni za uongo. Gavana wa benki kuu ya nchi hiyo akasema fedha hizo hazikuingia katika mfumo wa fedha wa Ufilipino. Jioni ya Juni 18 hisa ilikuwa chini ya euro 40. Juni 22 kampuni ilikiri kwamba yaelekea fedha hizo hazipo, na Juni 25 ikaomba kulindwa kama mufilisi.

Kwa nini hali mbili zinazofanana siku ya kwanza ziishie mbali hivyo? Kampuni inapotuhumiwa kwa mwenendo, mwekezaji bado ana kipimo. Anaweza kukisia faini, akaitoa kwenye mtaji, akatazama madeni, akaona kinachobaki. Atakosea, kama Volkswagen wenyewe walivyokosea, lakini anahesabu kitu kilichopo. Tuhuma zikigusa vitabu vya hesabu, kipimo chenyewe ndicho kinachoshitakiwa. Mtu anayesema hisa imekuwa rahisi anamaanisha kwamba bei ni ndogo ikilinganishwa na faida. Sasa kama faida iliandikwa tu karatasini, urahisi huo umetoka wapi? Ni sawa na kufurahia punguzo la sukari kwa muuzaji ambaye mizani yake imechezewa.

Steinhoff ya Afrika Kusini inaonyesha jambo hilohilo, na inatugusa zaidi kwa sababu ya waliopoteza. Novemba 2015 waendesha mashtaka wa Ujerumani walipekua ofisi za kampuni hiyo ya samani huko Westerstede kuhusu hesabu zake. Agosti 2017 jarida la Kijerumani liliandika kwamba uchunguzi unaendelea. Kampuni ikakanusha, hisa zikatikisika, kisha soko likatulia. Desemba 5, 2017 Steinhoff ikatangaza kasoro za hesabu na kujiuzulu kwa mkuu wake, Markus Jooste. Siku iliyofuata hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 60. Ukaguzi wa PwC uliotolewa Machi 2019 ulikuta miamala ya kubuni ya takriban euro bilioni 6.5, iliyoingizwa kati ya 2009 na 2017. Miongoni mwa walioumia ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali ya Afrika Kusini, yaani walimu, wauguzi na polisi ambao wengi wao hawajawahi kumwona dalali kwa macho.

Watakaonipinga watasema soko linajua kuliko mtu mmoja. Maelfu ya wanunuzi na wauzaji wanaweka fedha zao, kwa hiyo bei hukusanya maarifa yao wote, na kujifanya unajua zaidi ni majivuno. Katika mambo mengi nakubali. Lakini soko linaweza kukusanya tu yale yanayojulikana, na anayeghushi hesabu ameichafua ileile habari ambayo wote wanaitegemea. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mara nyingi wanaotoa tuhuma wana maslahi, kwa sababu waliouza hisa za kuazima hupata faida bei ikianguka. Ni kweli, na tahadhari ni ya haki. Ila maslahi ya mtoa tuhuma yanatupa sababu ya kukagua anachosema, hayajibu anachosema. BaFin ilishughulika na wauzaji na waandishi kwanza, huku akaunti za fedha za Wirecard zikiwa hazijapigiwa hodi. Na tukilitaja neno maslahi tulitaje pande zote. Wakurugenzi wanaokanusha nao wana hisa, mishahara na majina ya kulinda.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: mwekezaji mdogo hana uwezo wa kukagua kampuni, basi swali langu litamsaidia nini? Hawezi kukagua, lakini anaweza kusoma. Anaweza kuona kama faida inayotangazwa kila mwaka inaandamana na fedha taslimu, au kampuni inatangaza faida huku ikiendelea kukopa. Anaweza kuuliza ni nani aliyetoa taarifa ya kuisafisha kampuni, aliajiriwa na nani, na kama ripoti nzima imechapishwa au muhtasari tu. Tena anaweza kuhesabu ni mara ngapi hesabu za mwaka zimeahirishwa. Katika habari ya Wirecard, yote haya yalikuwa wazi kwa umma kabla ya Juni 18, bila kuhitaji siri ya mtu yeyote. Hata baada ya ombi la ufilisi walikuwepo walioendelea kununua. Juni 29 hisa zile, zilizokuwa zimebaki na thamani ya zaidi kidogo ya euro moja, ziliruka zaidi ya mara mbili kwa siku moja, ingawa kampuni haikuwa na chochote cha kuwagawia wanahisa.

Kwa masoko yetu kuna jambo la kuongeza. Huko Frankfurt, mwenye hisa aliyetaka kutoka aliweza kutoka, ijapokuwa kwa hasara. Nairobi haikuwa hivyo kwa wanahisa wa CMC Holdings, kampuni ya kuuza magari. Septemba 2011, katikati ya ugomvi wa wakurugenzi na tuhuma za akaunti za siri nje ya nchi, biashara ya hisa zake ilisimamishwa. Wanahisa walikaa yapata miaka miwili bila soko la kuuzia, mpaka kundi la Al-Futtaim la Dubai lilipotaka kuinunua kampuni nzima kwa shilingi 13 kwa kila hisa, ununuzi uliokamilika mwaka 2014. Kusimamisha biashara kulizuia bei isiyumbe, na kulimzuia pia aliyehitaji ada ya shule mwezi ule asiuze. Je, mdhibiti anapaswa kufunga soko la hisa zinazochunguzwa, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani? Hilo ndilo tutakalolijadili katika sehemu ya tatu.