Gavana ya Trekta Kuukuu

Gavana wa Jimbo la Tanganyika anakaa mjini Kalemie, tangu jimbo hilo lilipoanzishwa mwaka 2015. Gavana tunayoitaja hapa ni nyingine. Inakaa ubavuni mwa injini ya trekta, ndani ya sanduku dogo la chuma, na watu wengi wenye matrekta hawajapata kuiona kwa macho. Mafundi wa Kongo waliosoma kwa Kifaransa huiita regulateri. Kazi yake ni moja tu: kuilinda injini isikimbie kupita mwendo iliyopangiwa, wala isizimike mzigo unapozidi.

Kabimba, ufukoni mwa ziwa kusini ya Kalemie, yajulikana kwa mawe yake ya chokaa na saruji. Lakini saruji haijazi sufuria. Jamaa za huko, kama jamaa zote za pwani ile, hula bukari ya mihogo na mahindi pamoja na dagaa wa ziwa, na unga hautoki bila kinu. Tufikiri basi baba mmoja aliyejipatia trekta kuukuu. Asubuhi yalima, alasiri yavuta mkanda wa kinu, na kina mama wamepanga mabeseni yao kivulini wakingoja zamu. Mara injini yaanza kuhema: yapanda, yashuka, yapanda tena, na unga watoka mwembamba mara hii na wa chenga mara hii. Kijana wake amwambia: “Baba, niruhusu nifunge mkono wa kabureta kwa waya, itatulia.” Naye baba, akiona mabeseni yale yote, akubali.

Kusema kweli, waya huo watuliza. Ndiyo maana ni wa hatari.

Ili tufahamu hatari yenyewe, yatupasa kufungua lile sanduku. Ndani yake mna vyuma viwili vizito vinavyozungushwa na injini. Kila msomaji anajua kombeo la Daudi: jiwe likizungushwa kwa nguvu hutaka kutoka nje. Vyuma hivi navyo hufanya vivyo hivyo. Injini ikienda mbio, hutanuka na kusukuma mkono unaofunga kipepeo cha kabureta, mafuta yakapungua. Upande mwingine ipo springi, nayo huvuta kipepeo kifunguke. Mwendo wa injini ni mapatano ya hao wawili, vyuma na springi. Dereva anapovuta mkono wa mafuta hafungui kipepeo moja kwa moja, bali anakaza springi.

Ufundi huu ni wa zamani. Wasaga nafaka wa Ulaya waliutumia katika vinu vya upepo kabla James Watt hajautia katika mashine zake za mvuke mwaka 1788. Na ule ugonjwa wa kuhema uliwasumbua hata wataalamu, mpaka James Clerk Maxwell alipoeleza kwa hesabu, mwaka 1868, kwa nini gavana nyingine hutulia na nyingine huyumba. Basi fundi wa kijijini asione haya ikiwa siku ya kwanza haikumtii.

Turudi kwenye waya. Injini iliyofungwa hivyo haina tena mtu wa kuizuia. Mkanda ukiruka kutoka kwenye gurudumu lake, mzigo wote waondoka mara moja, na injini yakimbia bila kikomo. Tena nguvu inayovuta vyuma kutoka nje haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndivyo injini inavyovunja fimbo za pistoni zake, na gurudumu kuukuu lenye ufa likapasuka vipande. Hata bila ajali kubwa namna hiyo, mhimili wa nyuma wa matrekta mengi umepangiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 katika sekunde moja. Mhimili wenye unene wa sentimeta 4 waweza kumeza zaidi ya mita moja ya kitenge katika sekunde hiyo. Mama mwenye mtoto mgongoni hapati nafasi hata ya kupiga kelele. Na huo ndio mwendo halali, si ule wa waya.

Kutengeneza gavana huanza mbali na gavana. Injini hewa ikiwa imezibwa na vumbi, au kabureta ina uchafu, au kiungo cha bomba kinavuta hewa, itahema vilevile, na wewe utakuwa unamwadhibu asiye na kosa. Safisha hayo kwanza. Kisha, injini ikiwa imezimwa na kupoa, shika kwa vidole vijiti vyote vinavyounganisha gavana na kabureta, uvitikise. Katika trekta ya miaka mingi hapa ndipo ugonjwa unapojificha: pini zimelika, matundu yamekuwa mapana, kijiti kimepinda. Gavana yaagiza, lakini agizo lafika limechelewa. Injini ikisha kukimbia ndipo yafungiwa, ikisha kulegea ndipo yafunguliwa. Badili pini kabla ya kugusa parafujo yoyote. Springi iliyonyooka kwa uzee usiikate wala usiikunje. Tafuta ya kipimo chake.

Baada ya hayo, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini ikiwa bado imezimwa. Springi itavuta mkono wa gavana mpaka ukomo wake, na kipepeo nacho lazima kiwe wazi kabisa. Kama sivyo, chomoa kijiti, urefushe au ufupishe kwa kuzungusha kichwa chake, ukirudishe. Sasa washa, uache injini ipate moto vizuri. Panga kwanza mwendo wa chini, kwa parafujo ndogo ya kabureta. Ndipo uvute mkono wote na kupima mwendo wa juu kwa saa ya mizunguko, hata kama ni ya kuazima, wala si kwa sikio. Sikio lililokaa saa nzima katika makelele huona mbio ni utulivu. Zungusha parafujo ya ukomo nusu tu, ungoje, upime tena. Mwendo bila mzigo utazidi kidogo ule wa kazini. Hiyo ni tabia ya gavana ya vyuma, si kosa lako.

Ferguson ndogo za kijivu, zilizotengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956, nyingi zilikuwa za petroli, na kazi hii mwenyewe aweza kuifanya. Dizeli ni habari nyingine. Gavana yake mara nyingi imo ndani ya pampu ya sindano, imefungwa kwa lakiri, na lakiri hiyo haifai kuvunjwa na mtu asiye na meza ya kupimia. Baadhi ya dizeli za zamani huongozwa na mvuto wa hewa unaovuta utando mwembamba. Utando ukitoboka, springi hufungua mafuta yote, na injini yakimbia ghafla. Wafundisheni vijana mapema mahali penye mkono wa kukata mafuta.

Kazi ikiisha, tia tone la rangi juu ya parafujo, ili ikisogezwa ijulikane. Rudisha kifuniko cha mhimili na kizuizi cha mkanda. Kisha saga debe moja la mahindi makavu, huku mtu mmoja akishika mkono wa kuzimia na watoto wakiwa ng’ambo ya kamba, kabla kina mama hawajaitwa na mabeseni yao.