Pablo Fanque: Mtu mweusi aliyemiliki sarakasi ya familia enzi za Malkia Victoria

Machi 18, 1848, mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Mtoto wa kiume wa Pablo Fanque yuko juu ya kamba, anaonyesha mchezo wake mbele ya mamia ya watu. Mama yake, Susannah, yuko chini, upande wa mlangoni ambako tiketi zinauzwa.

Ghafla, nguzo za mbao zilizobeba sehemu ya watazamaji zikaachia. Watu na mbao wakaporomoka hadi chini. Watazamaji wengi walinusurika, lakini mbao nzito zilimpiga Susannah kichwani. Mumewe alimkimbiza kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa jirani, daktari akaitwa, lakini haikusaidia. Alikuwa ameshafariki.

Katika vurugu hizo, kuna mtu alipita na sanduku la fedha za kiingilio. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya pauni 50.

Kwa dakika chache, familia moja ilipoteza mke, mama, mtunza hela na mapato ya usiku mzima. Ukitaka kujua sarakasi za kuzunguka za karne ya 19 ziliendeshwaje, tukio hili linaeleza mengi.

Fanque alikuwa nani?

Jina lake halisi ni William Darby. Alizaliwa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Alikuwa mtu mweusi, na anatajwa kuwa mweusi wa kwanza kumiliki sarakasi nchini humo.

Mwaka 1821, akiwa bado mtoto, tayari alikuwa anaonekana ulingoni. Alikuwa amepelekwa kujifunza kazi kwa William Batty, mwenye sarakasi. Ndiyo ilikuwa kawaida ya wakati huo: mtoto anakabidhiwa kwa bosi, anapewa chakula na mahali pa kulala, naye anafundishwa kupanda farasi, kuruka na kutembea juu ya kamba. Akikua, ana ujuzi mkononi.

Baadaye akachukua jina la Pablo Fanque. Majina yenye ladha ya kigeni yalivuta watu, na wasanii wengi wa sarakasi walifanya hivyo hivyo.

Mwaka 1841 aliachana na Batty akaanzisha ya kwake. Mtaji wake? Farasi wawili.

Kwa nini farasi?

Leo ukisema sarakasi, wengi wanawaza vijana wanaopangana mabegani au kuruka ndani ya pete za moto. Lakini sarakasi ya Uingereza ilianzia kwenye farasi.

Philip Astley, aliyewahi kuwa askari wa farasi, ndiye aliyeanza maonyesho ya aina hiyo London mwaka 1768. Aligundua kwamba farasi akikimbia kwa kuzunguka duara, mwendo ule unamsaidia mpandaji kusimama mgongoni bila kuanguka. Duara likiwa dogo mno, farasi hawezi kukimbia vizuri. Likiwa kubwa mno, ule msaada unapungua. Kipimo kilichokuja kukubalika ni upana wa karibu mita 13, na sarakasi nyingi duniani zinakitumia hadi leo.

Hapo ndipo Fanque alipong'ara. Alikuwa mpandaji hodari, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuwafundisha farasi. Mwaka 1847 alipoonekana kwenye ukumbi wa Astley's London, magazeti yalimsifu yeye pamoja na Beda, farasi jike mweusi aliyecheza kwa kufuata muziki.

Kwa nini familia?

Jibu fupi: gharama. Farasi anakula kila siku, onyesho liwepo lisiwepo. Kuna mabango ya kuchapisha, wapiga muziki wa kulipa na mafundi wa mbao. Siku hizo sarakasi nyingi hazikutumia hema. Zikifika mjini zilijenga ukumbi wa mbao au kukodi uliokuwepo, zikakaa wiki kadhaa, kisha safari ikaendelea.

Mtu asiye na mtaji mkubwa angewezaje? Alitumia watu wa nyumbani. Mke anakaa mlangoni kwenye hela, maana hapo ndipo wizi ulipokuwa rahisi. Watoto wanaingia ulingoni mapema. Ndugu na vijana wanaojifunza kazi wanajaza nafasi zilizobaki.

Faida yake ilikuwa wazi: ujuzi haukutoka nje ya familia, na siku mapato yakiwa madogo hakuna anayesusa kazi. Hasara yake nayo ilikuwa wazi. Jukwaa likianguka, linawaangukia wote.

Ndoa nazo zilifuata kazi. Miezi mitatu baada ya msiba, Juni 1848, Fanque alimuoa Elizabeth Corker, ambaye naye alikuwa mpanda farasi wa sarakasi. Wengine wanaweza kusema alifanya haraka. Lakini mtu huyu alikuwa na watoto, farasi na kundi zima la kulisha, na kazi yake haikuwa na likizo ya msiba.

Usiku wa harambee

Wasanii wa wakati huo walikuwa na utaratibu mmoja unaofanana na harambee. Usiku mmoja ulitengwa kwa ajili ya msanii fulani, na mapato yake yakaenda kwake. Jina lake liliandikwa kubwa kwenye bango, na marafiki pamoja na mashabiki walijitokeza kumuunga mkono. Kwa mtu asiye na akiba, usiku huo ulikuwa na maana kubwa.

Fanque aliutumia pia kuchangia misaada kwenye miji aliyopita. Ni ukarimu, na ni biashara pia: mji ukikukumbuka kwa wema, mwakani unakupokea tena.

Na rangi yake?

Alipoanzisha sarakasi yake mwaka 1841, sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilikuwa na miaka saba tu tangu ianze kufanya kazi. Mtu mweusi kuwa bosi anayeajiri wazungu lilikuwa jambo la nadra.

Hata hivyo alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland kwa miaka 30, hasa kwenye miji ya viwanda ya kaskazini. Huko wafanyakazi wa viwandani walikuwa na senti kidogo na hamu ya kuburudika. Sarakasi iliuza ujuzi: kama unaweza kusimama juu ya farasi anayekimbia, watu watalipa kukuona. Hiyo haimaanishi ubaguzi haukuwepo Uingereza. Inamaanisha kwamba hapo ulingoni palikuwa na mlango ambao sehemu nyingine nyingi ulikuwa umefungwa.

Mwisho wa safari

Hela hazikumkalia. Mwaka 1859 alitangazwa kufilisika, lakini hakuacha kazi. Alifariki Mei 4, 1871, kwenye nyumba ya wageni huko Stockport. Mwili wake ulipelekwa Leeds, bendi ikapiga muziki wa maombolezo na farasi wake akawa kwenye msafara. Alizikwa kando ya Susannah, katika mji uleule alikompoteza.

Mwaka huohuo George Sanger, bosi mwingine aliyekulia kwenye familia ya maonyesho, aliununua ukumbi wa Astley's. Zama za sarakasi kubwa zenye mahema na msururu wa wanyama zilikuwa zimefika, na bosi wa farasi wachache alipata shida kushindana nazo. Mwaka 1879 ikaja sheria iliyokataza watoto chini ya miaka 14 kufanya michezo ya hatari mbele ya watu. Ule mfumo wa kumtegemea mtoto juu ya kamba ukaanza kubanwa.

Bango lililomrudisha

Jina la Fanque lingeweza kupotea kabisa. Lakini mwaka 1967 John Lennon wa kundi la Beatles alinunua bango la zamani kwenye duka la vitu vya kale. Lilitangaza onyesho la sarakasi ya Fanque mjini Rochdale, Februari 14, 1843. Ulikuwa usiku wa harambee kwa msanii aliyeitwa Kite.

Lennon alichukua maneno mengi ya bango hilo na kuyatia kwenye wimbo wa "Being for the Benefit of Mr. Kite!", na Fanque anatajwa humo kwa jina. Mamilioni wameusikia, wengi bila kujua kwamba alikuwa mtu wa kweli. Susannah hatajwi popote kwenye wimbo huo, ingawa bango lilipobandikwa alikuwa bado hai.