Kumficha Mwenzi Ugonjwa wa Zinaa: Sheria Yasemaje?



Mume anarudi kutoka machimboni na kusikia maumivu wakati wa kukojoa. Anakwenda kwa siri kuchomwa sindano, mkewe haambiwi neno. Baada ya majuma machache ugonjwa umemrudia, maana mke hakutibiwa. Watu husema hayo ni mambo ya chumbani. Lakini sheria za Tanzania zinaingia hata humo.

Kwanza, Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa la jinai kufanya kwa uzembe tendo ambalo mtu anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba linaweza kueneza ugonjwa wa hatari kwa maisha.

Pili, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyepimwa akakutwa na virusi amweleze mwenzi wake mara moja, na achukue hatua za kumkinga. Anayemwambukiza mwingine kwa makusudi hufungwa miaka 5 hadi 10.

Tatu, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kama siku ya kufunga ndoa mmoja alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza na mwenzake hakujua, aliyefichwa anaweza kuiomba mahakama ibatilishe ndoa hiyo. Kanisa nalo, katika kanuni ya 1098, linasema ndoa iliyopatikana kwa kumdanganya mtu juu ya jambo linaloweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa si halali. Wachumba, semeni ukweli kabla ya matangazo.

Tuelewane: kuugua si kosa. Sheria hiyo hiyo ya UKIMWI inakataza kuwanyanyapaa wenye virusi. Kosa ni kumweka mwenzako hatarini huku unajua.

Wengine watasema, "Basi bora nisipime." Hiyo ni hesabu mbaya. Mwenye dalili tayari ana sababu ya kuamini kwamba anaumwa. Tena ugonjwa haungoji: kaswende isiyotibiwa hupita kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto, na inaweza kumwua tumboni.

Tufanye nini?

1. Pimeni na mtibiwe wote wawili kwa pamoja. Kisonono na kaswende hupona kwa dawa. Jizuieni mpaka mganga aseme mmepona.

2. Mwenye virusi anywe dawa kila siku bila kukosa. Virusi vikipungua hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

3. Ukiogopa kupigwa au kufukuzwa, mwombe mshauri wa kituo cha afya awepo unapomweleza mwenzi wako.

4. Uliyefichwa, nenda kwanza hospitali, utunze vyeti vyako. Kisha unaweza kwenda dawati la jinsia polisi au ustawi wa jamii.

Wazazi, waelezeni vijana wenu mambo haya mapema, kabla hawajaanza uchumba. Mungu awabariki.