Mratibu wa mafunzo ya utabibu: Kiungo kati ya darasa na wodi

MKAZI wa Kariakoo, Gerezani au Ilala anayeshikwa na homa usiku na kukimbilia zahanati ya jirani, aghalabu humwita kila aliyevaa koti jeupe "daktari".

Hata hivyo, anayemsikiliza, kumpima na kumwandikia dawa mara nyingi si daktari mwenye shahada ya chuo kikuu. Ni tabibu, mtaalamu aliyesoma miaka mitatu katika chuo cha afya cha ngazi ya kati.

Ubora wa huduma anayoipata mgonjwa huyo hutegemea kwa kiasi kikubwa mtu ambaye pengine hatamwona kamwe: mratibu wa mafunzo chuoni, ambaye kwa wakati mmoja ni mwalimu, msimamizi wa mitihani na mpatanishi kati ya chuo na hospitali.

Chimbuko la kada

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Mafunzo ya udaktari jijini Dar es Salaam yalianza mwaka 1963, katika hospitali ambayo leo ni Muhimbili.

Kwa uhaba huo, taifa lililazimika kutegemea kada za kati, ambazo enzi hizo ziliitwa za waganga wasaidizi. Siku hizi wanajulikana zaidi kama tabibu na tabibu wasaidizi.

Mahitaji yaliongezeka zaidi baada ya Serikali kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) mwaka 2007, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yaliyojengwa yalihitaji watu wa kuyafanyia kazi.

Mwanafunzi huingia chuoni akiwa na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu katika masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwaka wa kwanza humpeleka ngazi ya nne ya tuzo za taifa za ufundi, wa pili ngazi ya tano, na wa tatu ngazi ya sita, ambayo ni stashahada.

Kazi isiyoonekana

Mratibu huanza muhula kwa kupanga ratiba na kugawa masomo kwa walimu. Sehemu ngumu zaidi ya kazi yake, hata hivyo, iko nje ya lango la chuo.

Ni lazima akubaliane na hospitali kuhusu idadi ya wanafunzi watakaopokelewa, wodi watakazopitia na nani atawasimamia. Wanafunzi huzunguka kwa zamu katika tiba ya ndani, watoto, wazazi na upasuaji.

Dar es Salaam ina vyuo vingi vinavyotegemea hospitali zilezile za umma. Wanafunzi 20 wakizunguka kitanda kimoja, anayejifunza ni yule aliyesimama mbele; wa nyuma huona migongo ya wenzake. Mgonjwa naye ana haki ya kuombwa ridhaa, na anaweza kukataa.

Kwa sababu hiyo, mratibu makini huwagawa wanafunzi katika makundi madogo, huwapangia zamu za jioni na usiku, na huhakikisha kila mmoja ana daftari ambalo msimamizi husaini baada ya kumwona akitenda kwa mikono yake. Daftari lililosainiwa kwa mkupuo siku ya mwisho halithibitishi ujuzi wowote.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi hufanya mazoezi kwa sanamu katika chumba cha stadi. Baadaye hupimwa kwa kupita vituo kadhaa kwa muda maalumu: hapa apime shinikizo la damu, pale achukue maelezo ya mgonjwa, kwingine asome majibu ya maabara.

Maarifa hubadilika

Mwalimu wa utabibu hawezi kuishi kwa daftari la zamani. Tiba ya malaria ni mfano mzuri: mwaka 2001 klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza nchini, ikafuata SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto ya ALu.

Mwalimu ambaye hakubadilisha somo lake katika kipindi hicho alikuwa akiandaa tabibu wa kutoa dawa iliyokwisha kuachwa kwa sababu ya usugu wa vimelea.

Mazingira ya mjini nayo yana masomo yake. Wagonjwa wengi wa Kariakoo hupitia duka la dawa kabla ya kufika zahanati. Tabibu asipouliza "umeshatumia dawa gani?" anaweza kupotoshwa na dalili zilizokwisha kufifishwa na vidonge viwili au vitatu vya kiuavijasumu.

Aidha, kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, ilidhihirika umuhimu wa mtumishi wa mstari wa mbele kutambua mapema mgonjwa anayeishiwa maji mwilini na kuanza kumrudishia maji bila kusubiri majibu ya maabara. Uamuzi huo wa dakika chache huokoa maisha, na hujengwa chuoni.

Mzazi aulize nini?

Vyuo vya fani hii husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), lililoanza kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE. Taaluma yenyewe inasimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi.

Kabla ya kulipa ada, mzazi anapaswa kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba kozi yenyewe, si jina la chuo pekee, imeidhinishwa.

Maswali mengine ni rahisi lakini yana uzito: Wanafunzi hufanya mazoezi hospitali gani? Makubaliano hayo yameandikwa? Msimamizi mmoja huangalia wanafunzi wangapi? Mratibu ni nani, na anapatikana?

Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kinaweza kutoa cheti, lakini si tabibu. Gharama yake haitabebwa na mzazi peke yake, bali na mgonjwa atakayeketi mbele ya kijana huyo miaka mitatu baadaye.