Daraja Pasi na Waya: Kuunganisha Majengo Mawili Ukambani

Neno 'daraja' lina maana kadhaa katika Kiswahili, zikiwemo cheo, kiwango na kivukio kinachojengwa juu ya mto. Taaluma ya kompyuta imeliongezea maana nyingine: kiungo kinachoifanya mitandao ya majengo mawili iwe mtandao mmoja. Kwa mkaazi wa Kitui au Makueni sitiari hii si ngeni. Mto Athi umezitenga kaunti hizo mbili kwa sehemu kubwa ya mpaka wao, na barabara itokayo Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo huuvuka kwa daraja. Hata hivyo, sitiari yenyewe ina kasoro, na kasoro hiyo yaweza kumponza fundi.

Ichukuliwe kwamba shule moja viungani mwa Wote ina intaneti ofisini, na maktaba yake iko mita 400 kutoka hapo. Kebo ya kawaida ya shaba haifai kupita mita 100. Kebo ya nyuzi za kioo ingefaa, lakini yahitaji mtaro uchimbwe, na ardhi ya huko ina mawe. Ndipo hutumika antena mbili, moja juu ya kila paa, zikielekezana. Ya ofisini huunganishwa na ruta. Ya maktabani huunganishwa na swichi inayozigawia kompyuta. Vifaa vyote viwili huwekwa katika chaneli moja na kupewa nywila moja, kisha kila antena huzungushwa polepole hadi kipimo cha nguvu ya mawimbi kifike kilele chake.

Hayo ni mepesi. Ugumu umo katika anga iliyo kati ya antena. Daraja la mawe hujengwa ili kilicho chini yake kisimsumbue mpitaji; daraja la redio husumbuliwa na kila kilicho karibu nalo. Mawimbi hayasafiri kama uzi ulionyooshwa, bali hutanuka katikati ya safari na kuchukua umbo la yai refu, jembamba. Umbo hilo huitwa eneo la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin-Jean Fresnel (1788–1827). Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na umbali wa mita 400, nusu kipenyo chake katikati ni takriban mita 3.5, kwa kilomita 5 hufikia takriban mita 12.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo hicho iwe wazi. Kwa hiyo haitoshi paa moja kuliona la pili.

Hapa ndipo mimea ya Ukambani inapoingia katika hesabu. Miti mingi ya nyika hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mwezi wa Septemba jicho hupenya vichaka bila shida. Fundi akipima wakati huo ataridhika. Mvua za vuli, ambazo wakulima wa huko huzitegemea kuliko za masika, hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Majani huchipua yakiwa yamejaa maji, na maji hufyonza mawimbi. Mtandao huanza kukatikakatika, na pengine shule hununua kifaa kipya ilhali cha kwanza ni kizima. Mvua yenyewe haina lawama: kwa masafa hayo na umbali huo, matone hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kutajika.

Tiba ni kupima wakati wa kijani, au kuinua antena juu ya vilele vya miti kwa mlingoti. Kukata miti katika nyika kame ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. Mlingoti nao hualika radi, kwa hiyo huunganishwa na waya mnene wa shaba unaoteremka hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na kifaa cha kukinga radi huwekwa pale kebo inapoingia jengoni, katika ofisi na katika maktaba vilevile.